Nimemzika mama yangu jukwaani

Mshauri Tatiana, nisaidie kabla ya Jumapili na tafadhali ulifiche jina langu, kwa sababu hapa Bukavu wengi wananijua, mimi ni mtu wa kutoa konferansi, naitwa na maofisi, vyuo na makanisa niwatie watu moyo wasonge mbele kazini na maishani, na siku ya kwanza kabisa, katika ukumbi mmoja wa Muhumba, watu walikuwa wanachezea simu, wengine wanasinzia, nikashikwa na hofu, nikajikuta nimesema kwamba mama yangu alifariki nikiwa na miaka tisa na neno lake la mwisho lilikuwa "Simama, mutoto wangu, sema," watu wakaweka simu chini, wamama wakalia, na tangu siku ile sijawahi kuongea bila kumuua mama, naye yuko Bagira, hapa hapa mjini, mzima kabisa, anaimba kwaya ya parokia.

Mwezi jana wamama fulani walionisikia waliniomba jina kamili la marehemu, wakasema, "Tumuombee maman," nikawapa, nilishindwa kukataa mbele za watu, kumbe nao wanakaa Bagira, wamelipeleka parokiani, na Jumapili hii padri atalisoma kwenye misa ya kuwaombea wafu, na parokia yenyewe ni ile ya mama.

Juzi mama akanipigia: "Dimanche tuko na misa ya maman moya mwenye alikufa. Tutaimba. Utakuya?" Nikamwambia niko na kazi. Akauliza, "Hata kidogo tu?" halafu akanyamaza, hakukata simu, mimi ndiye niliyekata. Silali, chakula hakipiti, naogopa atasikia jina lake kati ya wafu na moyo wake utasimama, na naogopa pia kwamba watu wakijua, hakuna atakayenisikiliza tena. Nawaza kukimbilia Goma mpaka yapite. Nifanye nini?

Mwenye hofu, Muhumba

Ndugu yangu,

Pole, lakini hofu hii umeitafuta mwenyewe. Konferansi ya kwanza ulibanwa, naelewa, hofu huwashika watu wengi. Ya pili je? Na zile zote zilizofuata? Unawafundisha watu ujasiri, na wewe muda huu wote umejificha nyuma ya kifo ambacho hakikutokea.

Sasa sikiliza vizuri. Mimi nimeimba kwaya miaka kumi na mbili. Majina ya kuombewa tunasomewa siku ya mazoezi, ili tuchague nyimbo. Mama yako ameshalisikia jina lake, bila shaka akauliza limetoka wapi, na wale wamama wameshamwambia ni mtoto gani aliyelitoa. Moyo wake haukusimama. Alichukua simu, akakupigia, akangoja useme. Ukamkatia.

Kwa hiyo Goma uisahau. Leo hii panda gari la Bagira. Usimchukue mtu wa kukusemea. Piga magoti, umwambie ulichosema na kwa nini. Kisha nenda kwa padri, jina liondolewe, na wamama wale uwaombe radhi ana kwa ana. Ukisimama tena mbele za watu, waambie kwamba ulidanganya kwa kuogopa. Mialiko itapungua, utavumilia.

Mama akikufukuza, kaa nje ya mlango. Akinyamaza, usianze konferansi, mngoje. Na atakachokuambia, hata kikiwa kikali, kipokee chote, maana ni mama yako anayesema, na yuko hai.