Ukuta Ulionipa, Baba

Baba,

Watu wakimwandikia marehemu huanza na "mpendwa". Mimi neno hilo nimeliweka pembeni kwanza. Nikilihitaji mwishoni nitalichukua.

Jumamosi ijayo tunakufanyia kumbukumbu ya mwaka. Msalaba wako wa saruji umeshafika, umeegemezwa kwenye mgomba nyuma ya jiko, unamsubiri mchungaji. Kaka Lusajo ametuma ndoo ya rangi kutoka Mbeya, na jana alipiga simu: "Subilaga, nasikia ule ukuta wa sebuleni umechorwa tena; uupake kabla wageni hawajafika. Tumheshimu mzee." Nilikata simu bila kuaga. Ndoo iko hapa mlangoni, haijafunguliwa.

Ukuta huo unaujua. Wewe ndiye uliyenipa.

Nilikuwa kidato cha nne. Madaftari yangu yalijaa Kiingereza nilichonakili ubaoni bila kukielewa, nikawa nakariri kurasa nzima na kuzisahau kabla sijafika nyumbani. Akaja mwalimu wa baiolojia, binti mdogo aliyekuwa anajitolea, akatuambia tuache kukariri, tuchore. Jambo kubwa liweke katikati, lizungushie duara. Yanayotokana nalo yaweke pembeni. Halafu vuta mishale, na juu ya kila mshale andika neno linaloeleza hiki kinakifanyia nini kile. "Mshale usio na neno ni mkia tu," alisema, tukacheka.

Ukanikuta nimejilaza sakafuni, naunganisha karatasi kwa ugali wa jana kwa sababu moyo ulikuwa umeenea ukurasa mzima na mapafu hayajapata pa kukaa. Ukasimama pale na koti lako la mvua likichuruzika. "Mwana gwangu," ukasema, "unahangaika na vikaratasi, na ukuta huo je?"

Unakumbuka, baba? Usijifanye umesahau. Uliusugua ukuta ule mwenyewe ukawa laini. Ukaniletea mkaa wa magunzi, ukaniletea na udongo mwekundu, ukasema damu haiwezi kuwa nyeusi. Kwa mvua zetu hizi kazi zote tulifanyia sebuleni, kwa hiyo nilichambua maharage huku nikisoma mishale, nikamenya ndizi huku nikisoma mishale. Jioni ulikaa kwenye kigoda chako ukaniambia nikueleze. Nikakueleza kwa Kinyakyusa yale niliyoandikiwa kwa Kiingereza, na hapo ndipo nilipoyaelewa mwenyewe.

"Kwa hiyo damu inapita moyoni ikienda mapafuni, na ikirudi inapita tena palepale?"

"Ndiyo, baba."

"Basi moyo ni Tukuyu mjini. Mtu wa Masukulu akienda Mbeya anapita pale, akirudi anapita pale." Ukacheka kwa furaha hasa, ukamwita mama aje asikie. Sijawahi kukupenda kama jioni ile, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Ungekuwa baba asiyejali shule, nisingekuwa na la kukuandikia. Ningesema hakujua. Lakini wewe ulijua kila mshale.

Ukuta ukajaa. Moyo, figo, mmea unavyojitengenezea chakula, urithi wa watoto kutoka kwa wazazi. Nilikuwa nataka uuguzi, nawe ulikuwa ukiwaambia watu kanisani kwamba nyumbani kwako kuna nesi.

Kisha Lusajo akapata mchumba, binti wa mfanyabiashara wa mtaa wa Bagamoyo, pale Tukuyu mjini. Wakwe wakatuma ujumbe kwamba watakuja kutufahamu Jumamosi. Mtihani wangu ulikuwa unaanza Jumatatu. Lusajo akauangalia ukuta, akasema, "Baba, watu wa mjini wataingia humu? Pamechorwachorwa kama choo cha stendi." Nikakutazama wewe. Nilikuwa na hakika utamcheka, utamwambia hii ni Tukuyu mjini, mpumbavu wewe, keti nikueleze.

Ukakohoa. Ukasema, "Subilaga, kachote udongo mweupe."

Mila zetu sote wawili tunazijua. Nyumba ikipata ugeni lazima ikandikwe upya, na anayekandika ni mwanamke wa nyumba hiyo. Mama alikuwa amekwenda kwa mama mdogo aliyejifungua. Mwanamke aliyebaki ni mimi. Nilikuomba, baba. Nilikuomba nikandike kuta tatu, ule mmoja tuufunike kwa mikeka. Ukasema mikeka ukutani wageni watadhani tunaficha ufa. Ukanishika bega, kwa upole kabisa, ukaniambia, "Kilichoingia kichwani hakitoki kwa udongo."

Watu bado wanayanukuu maneno yako kama hayo. Mzee alikuwa na hekima, wanasema. Mimi nikiyasikia meno yananigongana.

Nilianzia kwenye figo, nikauacha moyo uwe wa mwisho. Nilikandika kwa viganja vyangu mwenyewe. Udongo mwekundu ulichanganyika na ule mweupe ukatoa rangi kama ya fizi, ikabidi nirudie mara ya pili mpaka pakawa peupe. Ulikuwa umekaa nje barazani. Hukuingia hata mara moja kutazama.

Na Jumamosi jua likatoka! Sisi ambao tunaweza kukaa wiki nzima tusilione, siku ile likawaka toka asubuhi, Mlima Rungwe ukaonekana mpaka kileleni. Wakwe walipofika, mama mkwe akasema, "Jamani, jua hili la kuliacha? Tukae nje tu." Wakakaa nje. Wakala nje, wakanywa nje, wakaaga nje. Hakuna mgeni hata mmoja aliyetia mguu sebuleni. Mimi nilikuwa naingia na kutoka na sahani, na kila nikipita napishana na ule weupe.

Nikakuona unautazama mlango. Najua na wewe uliona kwamba nilikandika bure. Ungesema neno moja tu siku ile, hata "pole", leo nisingekuwa naandika haya.

Jumatatu nikaingia kwenye mtihani. Swali la moyo lilikuja. Nikafumba macho niutafute ukuta, nikaona udongo mbichi. Sitasema ukuta peke yake ndio ulionifelisha, maana wako waliofeli na kuta zao zikiwa salama. Ila sikuwahi kujua ningefika wapi, na hilo ndilo ulilonichukulia. Matokeo yalipotoka ukasema ni mapenzi ya Mungu, ukauza ndama kumpeleka Lusajo chuoni. Mimi nikaanza kupeleka ndizi gulioni Mpuguso, na huko ndiko niliko.

Ukaugua mwishoni. Nilikuosha, nikakulisha, nikakugeuza kitandani. Nilifanya unesi wangu wote kwako, baba. Kila siku nilidhani leo atasema. Ulizungumzia migomba, ukazungumzia ng'ombe, ukafa.

Sasa sikia kilichonifanya nishike kalamu. Bupe wangu yuko kidato cha nne. Familia imempa kazi ya kuandika wasifu wako utakaosomwa Jumamosi. Amewahoji bibi yake, mjomba wake na majirani, akajaza kurasa ambazo hazina kichwa wala miguu. Juzi nimerudi gulioni nikamkuta sebuleni na mkaa mkononi. "Mama, maelezo yamenichanganya. Nayachora kwanza nione yanavyoshikana."

Sikumfundisha mimi, naapa. Wamefundishwa shuleni.

Uko katikati ya ukuta ule ule, baba, ndani ya duara kubwa: BABU. Mishale imetoka pande zote. Kwenda kwa migomba: *alipanda*. Kwenda kwa kanisa: *alijenga*. Kwenda kwa Lusajo: *alimsomesha*. Kwenda kwa bibi: *alimtunza*. Kuna mshale mmoja mrefu unaoshuka hadi kwenye jina langu, na juu yake hakuna kitu.

"Huu sikupata cha kuandika," Bupe akasema. "Bibi nilipomuuliza akaniambia nikuulize wewe. Babu alikufanyia nini wewe, mama?"

Nimekaa na swali hilo tangu juzi, na barua hii yote ni mimi nikilitafuta jibu lake. Nilifikiria kuandika *alimpenda*. Lingekuwa kweli, na lingempendeza mchungaji. Lakini lingekuwa ni udongo mweupe mwingine tu, nami nimeshakandika vya kutosha.

Leo asubuhi nimechukua mkaa. Juu ya mshale nimeandika: *alimpa ukuta*. Chini yake nimeandika: *akamwambia aukandike*. Bupe amesoma, amenitazama, kisha ameyanakili yote mawili kwenye wasifu bila kuuliza.

Rangi ya Lusajo nitapakia banda la kuku. Jumamosi wageni wataingia sebuleni, mvua inyeshe au jua liwake, nami nitawaonyesha pa kukaa, uso kwa uso na ukuta.

Lile neno la mwanzo bado liko pembeni. Lipumzike hapo.

Ni mimi binti yako,
nesi wa nyumba yako.