Bunduki ya Kipimo Changu

Jumatano

Kumbe juzi Baba Masanja aliponipima mkono kwa kamba, nami nikacheka nikidhani nashonewa gauni, alikuwa anapima kitako cha bunduki ya marehemu baba yake! Leo imerudi kwa fundi, kitako kimefupishwa, na mkanda wa ngozi juu.

"Mama Masanja, shika. Imekukaa kabisa."

"Ya nini?"

"Fisi. Nikienda Segese machimboni, ng'ombe atawalinda nani?"

Segese! Ndiyo kwanza nasikia. Masanja mgongoni, mwingine tumboni, halafu mimi ndiye mlinzi wa zizi. Hata kuniuliza...

Nimemwambia akiondoka aondoke nayo. Bora fisi ale ndama kuliko Masanja wangu kuokota risasi humu ndani.

Begi lake la safari bado liko mlangoni.