Kilo za Mshale

Mwanangu, kifungua mimba wangu,

Pokea salamu zangu hapo chuoni. Natumai hujambo, unalala vizuri na masomo yanakwenda. Mtaa mzima unajua kwamba mwezi ujao unafanya mtihani wa mwisho wa uhandisi. Asiyejua hajapita mbele ya cherehani yangu. Mdogo wako hajambo, na upishi wake siku hizi unanishinda hata mimi, ingawa hilo sijamwambia asije akavimba kichwa.

Nakuandikia hasa habari za mbwa wako, Mshale. Ulimwacha mwembamba kama jina lake, sasa amekuwa pipa. Akipanda ngazi za mlangoni anapumzika katikati. Mwenye duka la jirani ananitania nimfungulie ofisi, maana tumbo la meneja tayari analo. Mimi nilikuwa nacheka na kujisifu kwamba kwangu hata mbwa hushiba.

Juzi nikampeleka kwa daktari wa mifugo kwa ile chanjo ya kila mwaka. Unakumbuka kwamba hana mizani ya wanyama: unapanda umembeba mbwa, halafu unapanda peke yako, naye anatoa hii katika ile. Nilipopanda na Mshale tulikuwa kilo sabini na saba. Daktari akatazama kadi, akasema ajabu, mwaka jana pia mlikuwa sabini na saba. Nikamjibu kwa kiburi kwamba basi watu wananisingizia, mbwa wangu hajanenepa hata kidogo. Akaniomba nimshushe, nipande peke yangu.

Mwaka jana mimi nilikuwa sitini na tatu, Mshale kumi na nne. Juzi mimi hamsini na nne, yeye ishirini na tatu.

Daktari aliziandika zote kwenye kadi. Kisha akanionyesha namna ya kumpapasa mbavu: vidole vizipate bila kuzitafuta, na ukimtazama kutoka juu uone kiuno. Chakula apimiwe kikombe kimoja asubuhi na kimoja jioni, atembezwe kila siku, asipewe mabaki ya mezani. Nikaitikia yote. Ndipo akaniuliza, kwa upole kama mtoto wangu wa kumzaa, mabaki hayo yanatoka kwenye sahani ya nani.

Mwanangu, ni sahani yangu. Miezi mitano sasa chakula kigumu hakipiti. Kikifika hapa kifuani kinagoma. Naishi kwa chai na mchuzi. Mdogo wako akinipakulia hukaa kunitazama. Akiinuka kufuata maji mimi nashusha matonge chini ya meza, na Mshale hana maswali. Sahani ikirudi nyeupe mtoto anafurahi. Magauni yangu yote nimeyabana, mengine mara mbili, na hakuna jicho lililouona mshono. Ufundi wote niliojaliwa nimeutumia kuwadanganya wanangu.

Sikukuambia kwa sababu baba yako alipougua uliacha masomo mwaka mzima ukamuuguza. Niliapa hutaacha tena kwa ajili yangu. Lakini daktari wa mbwa ameniambia kilo tisa hazifichiki, na niliona haya yeye ajue kabla yako. Kesho kutwa naenda hospitali. Nakuomba kitu kimoja tu, ufanye mtihani wako. Majibu, yawe yoyote, nitakuandikia yalivyo, bila kubana popote.

Mchana huu Mshale amekula kikombe chake, kisha akaja chini ya meza kama alivyozoea, akanisubiri. Sikumshushia kitu. Sahani yangu imerudi jikoni imejaa. Mdogo wako ameipokea kwa mikono miwili, na mpaka sasa ninapoandika bado amesimama nayo.

Anakusalimu. Wasalimie wenzako unaoishi nao, uwaambie mama yako anawaombea heri.

Ni mimi mama yako,
fundi ambaye mtaa huu haujapata mwingine.