Tangulia, Nakuja

Jumamosi, 4 Mei

Naandika nimekalia mto. Mito miwili! Sikujua baiskeli ina uadui na makalio kiasi hiki.

Chanzo ni presha ya mume wangu. Daktari kamwambia dawa peke yake haitoshi, mwili unataka jasho. Kutembea hataki — mtu aliyeendesha lori tangu ujana mpaka anastaafu, leo aonekane anakwenda kwa miguu? Kuogelea hajui. Ndipo akasikia kwamba kule vilimani, nyuma ya mji, wamechonga njia za baiskeli ndani ya msitu wa misonobari. Akasema nimsindikize. Nikabeba chai nikidhani nitakaa nitazame. Kumbe kakodi mbili!

Anayekodisha ni dada mmoja mwenye miguu kama nguzo, watu wote wanamwita Kocha. Alitusimamisha mbele ya ramani. Njia ya kijani ni ya wanaoanza, pana na laini. Ya bluu ina kona na mizizi. Nyekundu ina mawe na miteremko, usiende kama hujazoea. Na nyeusi? Kocha akasema hiyo tuiache kama ilivyo.

Mume wangu akataka aanze na bluu. Akamweleza Kocha milima aliyovuka na mzigo wa saruji. Kocha alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, halafu akasema, "Sawa, mzee. Kijani."

Mzee! Ungemwona uso.

Kona ya kwanza tu, kaikata kana kwamba ana trela nyuma — kachukua upande wote wa nje, moja kwa moja kichakani. Nilicheka nikashindwa kusimama. Akatoka na majani kwenye masharubu, naye anacheka.

Na jambo moja zaidi. Kulikuwa na mteremko, mdogo tu. Nikaachia breki. Upepo ukanipiga, na kitu fulani kifuani kikaachia pia. Sijamwambia mtu.

Jumatatu, 6 Mei

Vidole vimekaza kwa kushika usukani. Leo kazini, kwenye duka la miwani, skrubu imeniponyoka mara tatu, mara ya tatu ikaingia ndani ya kiatu cha mteja. Bosi akauliza kama naumwa. Nikasema nimefanya usafi wa nyumba.

Jumatano, 8 Mei

Binti yetu kapiga simu. Baba yake keshamtumia picha, mimi na helmeti, nimenuna kama askari. Binti hakucheka. Eti baba sawa, ni amri ya daktari, lakini wewe mama unatafuta nini huko? Mifupa ya umri wako haiungi haraka. Nikamwambia asante kwa kunikumbusha umri, nilikuwa nimeusahau mahali.

Nikakata simu nikiwa nimeudhika. Natafuta nini? Sijui. Nataka Jumamosi ifike.

Jumamosi, 18 Mei

Bluu!

Wiki iliyopita mvua, leo jua. Kocha alitutazama tukizunguka kijani mara moja, akatikisa kichwa kuelekea kwenye kibao cha bluu. Mume wangu akajiweka sawa kama anapokea nishani.

Kupanda tulikuwa sawa, yaani wote tulikuwa tunahema kama mbwa. Kushuka ndiko mambo yalikobadilika. Yeye anafikiri kila jiwe. Mimi — sijui. Miguu inajua kabla yangu. Kocha alisema nisitazame tairi, nitazame ninakokwenda. Nikafanya hivyo, na njia ikawa inakuja yenyewe mikononi.

Nikasikia nyuma, "Tangulia, nakuja!"

Nikatangulia. Nikafika chini, nikasubiri. Nikanywa maji. Nikasubiri. Akatokea anatembeza baiskeli, kasema cheni imetoka. Cheni ilikuwa mahali pake, inang'aa. Nikasema cheni za siku hizi hazina maana kabisa.

Jumanne, 21 Mei

Nimepita kwa kinyozi kumpelekea miwani yake. Akanipa hongera. Amesikia kuwa mume wangu huniacha nitangulie ili awe analinda nyuma. Nikasema ndiyo, kuna hatari nyingi nyuma.

Nimecheka njia nzima. Nampenda huyu mtu, hata uongo wake una heshima.

Alhamisi, 23 Mei

Leo tumegombana.

Kocha alinipigia juzi. Ana kundi la wanawake, Jumamosi asubuhi, anawafundisha njia nyekundu. Mmoja ni mwalimu aliyestaafu, kwa hiyo nisije na hoja ya umri. Nikamkatalia. Nikasema nina shughuli.

Mume wangu kaenda kukaza breki, Kocha kamwambia bila kujua kuwa nimemficha. Akarudi, akavua viatu mlangoni, akavipanga. Akipanga viatu ujue kuna jambo.

"Shughuli gani Jumamosi?"

Nikasema shughuli ni wewe. Tulianza pamoja, tutakwenda pamoja.

"Nimekuomba unionee huruma?"

Nikamwambia si huruma. Akasema ni nini basi? Nikaropoka: miaka yote wewe ukiwa barabarani, wiki nzima, wakati mwingine tatu, mimi hapa na watoto, nilijua unateseka kwa ajili yetu. Sasa umepumzika, nikuache tena peke yako?

Akakaa chini. Akasugua magoti.

"Nilikuwa siteseki," akasema. "Nilikuwa napenda. Nikishatoka kwenye lile geti la kampuni, nikiiona barabara imenyooka mbele, nilikuwa naimba, mama watoto. Kwa sauti."

Anaimba! Na mimi hapa nimemwekea kipande kizuri cha nyama kila arudipo, maskini mume wangu, kalala kwenye kiti, kala vumbi. Nimewaambia watoto msipige kelele, baba kachoka na shida za dunia.

Nimekuja huku chumbani na kufunga mlango.

Ijumaa, 24 Mei

Hatusemezani. Yaani tunasemezana: chumvi, ufunguo, bili ya maji.

Jumamosi, 25 Mei

Sikwenda vilimani. Yeye pia hakwenda. Tumekaa ndani kama mizigo iliyokosa mwenyewe.

Jumatano, 29 Mei

Imeisha.

Nilikuwa naosha vyombo. Akaja, akachukua kitambaa, akaanza kufuta sahani — zile zilizokwisha kauka. Akasema hakutaka kuniumiza. Alitaka nijue kwamba ule uso nilioshuka nao siku ya bluu anaufahamu. Ndio aliotoka nao nyumbani miaka ile yote. Alikuwa akiuficha mpaka avuke kona, kwa kuona haya mbele yangu.

Nikamuuliza, ina maana kuondoka kulikuwa kutamu hivyo?

"Kutamu. Na kurudi kutamu zaidi. Lakini nisingeondoka, ningerudije?"

"Maneno ya madereva hayo."

"Nenda nyekundu," akasema. "Mimi na bluu yangu tutakusubiri chini. Na usishuke polepole kwa ajili yangu."

Bado naumia kidogo moyoni, nikiwa mkweli. Ule wimbo. Lakini nimecheka, na nikicheka siwezi kununa vizuri. Nimempigia Kocha. Akasema, "Nilijua utapiga, mama. Nafasi yako sijampa mtu."

Jumamosi, 1 Juni

Nyekundu ni jambo jingine kabisa. Mahali pa kwanza pa mawe nilisimama nikashuka. Mwalimu mstaafu akapita pembeni yangu anateremka kama maji. Ana mvi kichwa kizima!

Mara ya pili Kocha akasimama pembeni, akasema makalio nyuma ya kiti, macho mbali, mikono isikaze. Nikaenda. Nikapita jiwe la kwanza, la pili — la tatu likanikataa. Nimelala chini natazama vilele vya misonobari, kiwiko kinawaka moto, na kitu cha kwanza nilichosema ni: narudia.

Nikarudia. Nikapita! Nilipiga ukelele, ndege wakaruka.

Yeye alikuwa chini kwenye benchi, na thamosi. Akaona kiwiko. Akanimiminia chai. Halafu akasema, "Haya, simulia." Nikasimulia mawe yote, moja moja, na mikono. Hajawahi kunisikiliza hivyo. Au sijawahi kuwa na safari ya kumsimulia.

Usiku binti kapiga simu. Baba yake kapokea, kasema mama yuko salama, amegombana na jiwe moja tu.

Jumamosi, 8 Juni

Naandika nikiwa huku huku msituni, kwenye benchi. Kalamu ni ya Kocha, karatasi ni nyuma ya ramani, nitaibandika baadaye.

Nimeshuka nyekundu yote leo. Yote, bila kuweka mguu chini! Nikafika hapa nikikimbiza maneno yasinitoke kabla sijamwambia — benchi tupu. Thamosi ipo, koti lake lipo limekunjwa, yeye hayupo, baiskeli haipo. Presha, nikawaza. Nikamwuliza Kocha. Akasema ni mzima, ila alipoona mimi nimepanda, naye akageuza akapanda bluu. Peke yake. Alimwomba Kocha asiniambie, na Kocha akaona niambiwe.

Nikakaa. Nimekunywa chai yake yote.

Sasa namwona. Kule juu kwenye uwazi kati ya miti, fulana yake ya manjano. Inapotea, inatokea. Anakuja taratibu, mabega yamepanda mpaka masikioni. Amefika palipo na daraja la mbao, lile jembamba lisilo na kingo, kisha mteremko wa kuja huku. Hapo wiki zote ameshuka akatembeza.

Amesimama. Mguu mmoja chini. Anatazama mbao, anatazama mteremko. Anageuka nyuma, anahakikisha kama kuna mtu. Hakuna mtu. Huku chini hajatazama. Angeweza kushuka tu akatembeza, nani angejua?

Kocha ameinua mkono amwite. Nimeushika, nimeushusha.

Ameweka mguu kwenye pedeli —