Walipomuuliza Eustakio Kwao ni Wapi

Kijiji cha Mtua,
kwa mkono wa Parokia,
Nachingwea.
18 Novemba 2001

Mdogo wangu mpendwa Magreti,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini unaitikia ukiwa umekaa kivulini, na ule mguu umepungua kuvimba. Shemeji Augustino hajambo? Watoto je? Mvua huko Montepuez zimeanza, au na ninyi mnatazama juu tu kama sisi?

Huku tunamshukuru Mungu, tunaamka. Jonasi hajambo. Dada yake Scholastika amejifungua salama, mtoto ni wa kike, kwa hiyo ukoo umepata mtu. Na mimi sijambo. Nikisema sijambo uelewe hivyo hivyo: siumwi, nakula, nalala.

Barua yako niliipokea kwa yule mama wa Masasi anayeuza vitenge. Unaniuliza mambo mawili. Kwanza, mume wangu Eustakio alifarikije. Pili, nangoja nini huku wakati mume hayupo na uraia sikupata. Nitakujibu yote, ila uvumilie mwandiko, maana zaidi yako sina mtu wa kumwandikia.

Wewe uliporudi Msumbiji baada ya amani, mimi nilibaki kwa ajili ya mume na watoto. Miaka yote hiyo hakuna aliyeniuliza kitu. Halafu mwaka jana katekista Kornel akatangaza baada ya misa kwamba sisi tuliovushwa Ruvuma utotoni tukatengeneze mambo yetu, tusije tukasumbuliwa uzeeni. Akanivuta pembeni akasema mimi nina bahati, kwa sababu nimeolewa na raia. Mwanamke wa namna hiyo anaomba kwa njia ya ndoa, mradi aende na mumewe. Njia fupi, alisema.

Eustakio alifurahi kuliko mimi. Nyumbani ikawa utani kila siku. Watoto ni Watanzania kwa baba yao, basi Jonasi akawa akiniona nakuja mezani anasema, "Mama mgeni, karibu chai. Pasi unayo?" Tunacheka. Lakini utazame mambo yalivyo, Magreti. Kwa desturi yetu watoto ni wa ukoo wa mama. Kwa serikali ni wa baba. Kwa hiyo katika nyumba ya mama yetu mzazi, mgeni nilikuwa mimi peke yangu.

Tulikwenda mkoani, ofisi ya uhamiaji, na cheti chetu cha ndoa. Eustakio alivaa lile koti la harusi, halifungi tena mbele. Aliyetupokea alikuwa afisa kijana, mtu wa kaskazini, mwenye adabu. Alituuliza vizuri tu mpaka alipomfikia mume wangu.

"Mzee, kwenu wapi?"

"Kwetu Mtua, kwa mama mkwe."

"Huko ni kwa mkeo, na mkeo alitoka Msumbiji. Nakuuliza wewe, kwenu."

"Si ndiyo nakwambia, mwanangu. Mwanaume akishaoa ana kwao kwingine?"

"Yaani wewe ndiye uliyeolewa?"

"Nimeolewa, tena nimeolewa vizuri! Mimi sasa Mmakua kabisa, kama mke wangu."

Watu waliokaa kwenye benchi waliangua kicheko. Mimi nilicheka mpaka nikajifunika mdomo kwa kanga. Yule kijana naye alitabasamu, ila mkono wake ulikuwa unaandika.

Huku kwetu hakuna ambaye angekosea hapo. Mwanaume humfuata mke kwa mama yake, analima huko, anazeeka huko, na akisema "kwetu" watu wanajua anasema nini. Eustakio alikuwa anajisifu kwamba ni mkwe mwema. Lakini kwao yule kijana, mwanamke ndiye anayemfuata mume. Kwa hiyo alichoelewa ni kwamba wote wawili tumevuka Ruvuma, na mmoja wetu anaona haya kusema. Simlaumu. Aliandika alichoambiwa.

Jibu lilipokuja lilisema mume athibitishe kwanza uraia wake mwenyewe. Hapo ndipo Eustakio alipoacha kucheka. "Mimi? Mmwera wa Chinongwe? Nithibitishe nini, kwamba babu yangu hakuwa ndege?" Akatembea uani huku na huku kama kuku aliyekosa kiota.

Cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho, unajua watu wa umri wetu. Ikabidi mjomba wake wa Chinongwe, Mzee Ausi, aape mahakamani Ruangwa kwamba huyu ni mtoto wa dada yake, amezaliwa pale, anamjua. Eustakio akamfuata. Mjomba akamkalisha kwanza. "Ulipooa ulituaga ukasema umepata kwenu. Leo umekumbuka una mjomba?" Akamcheka vya kutosha, halafu akakubali, ila akasema tumngoje avune ufuta wake. Tukangoja. Hatukuona sababu ya haraka.

Sasa nakujibu la kwanza. Ilikuwa mwezi wa nane, tunafyeka chini ya mikorosho, asubuhi. Eustakio akaweka panga chini, akakaa, akasema kichwa kizito. Nilimwambia anywe maji. Alipotaka kuinuka upande mmoja ukakataa. Hospitali walisema ni presha, imepanda muda mrefu. Padre alimkuta bado anapumua, akampaka mafuta matakatifu. Hakusema neno tena. Namshukuru Mungu kwa yale mafuta.

Kwa desturi yao wajomba walikuja kumchukua akazikwe kwao. Mzee Ausi, yeye ni Mwislamu, alisimama pembeni wakati wa sala zetu, naye akaomba dua yake kimya. Halafu akaniita jikoni. Akatoa hati kwenye mfuko wa kanzu, imepigwa mhuri wa mahakama. Ilikuwa bado mpya.

"Mkwe wangu, hiki hapa alichokitaka. Kinasema ni mtu wetu."

Nikaipokea kwa mikono miwili, nikasema ahsante mjomba. Halafu wakampakia kwenye gari, wakaenda naye. Mimi na watoto tukapanda gari la nyuma, tukapita Ruangwa mjini bila kusimama.

Baada ya arobaini nilirudi mkoani na ile hati. Nilikwenda peke yangu. Yule kijana alinikumbuka, akaisoma yote, akafurahi.

"Sasa imekaa sawa, mama. Mzee yuko wapi?"

"Yuko kwao."

"Mtua?"

"Chinongwe."

"Kumbe kwao anakujua! Mwambie aje tumalize."

"Haji."

"Amekuacha, mama?"

"Hapana. Tumemzika huko."

Akaweka kalamu chini. Halafu akanieleza polepole. Njia ya ndoa ni mume akiwa hai. Akifa maombi hayajatimia, mlango ule umefungwa. Nikitaka bado, niombe upya kama mgeni yeyote, nitafute kwanza kibali cha kuishi, na mwisho wa yote ni Waziri mwenyewe kuamua. Inaweza kuchukua miaka, na inaweza ikakataliwa. Kisha akaniuliza kama nimekula. Nikasema ndiyo, nimekula. Sikuwa nimekula.

Nilijaribu kukasirika nikiwa kwenye basi, Magreti. Haikuja. Nilimtafuta wa kumkasirikia, nikamwona Eustakio na koti lake linavyokataa kufunga, anajisifu mbele za watu kwamba ameolewa vizuri. Nitamkasirikiaje mtu kwa hilo?

Mpaka leo sijalia. Watu wa jumuiya wanasema nimepewa nguvu na Mungu, wananitolea mfano. Sijui kama ndiyo nguvu. Nasali rozari, shanga zinapita vidoleni, nafika mwisho, naiweka. Korosho zinaanguka, naokota. Moyo ni kama mguu ulioukalia vibaya. Unajua ni wako, lakini ukiugusa hausemi kitu. Nakwambia wewe tu. Mbele ya Scholastika najitahidi, kwa ajili ya mtoto.

Jonasi ameacha ule utani wa pasi. Juzi nikamwambia, mbona hunikaribishi chai siku hizi? Akainama, akatoka nje.

La pili. Unasema nirudi, huko hamna wa kuniuliza karatasi, na shamba lipo. Mungu akubariki kwa hilo, na umshukuru Augustino. Nimelifikiri sana, kwa vile usiku sina jingine la kufikiri. Lakini desturi ile ile iliyomponza mume wangu ndiyo inayonijibu. Kwetu sisi mtu kwao ni kwa mama yake. Na mama yuko hapa, nyuma ya mikorosho aliyoipanda mwenyewe, ambapo wewe na mimi tulimzika. Nikivuka mto, nitakuwa nimerudi kwa nani? Huyu mjukuu naye, mwaka huu kitovu chake kimezikwa hapa.

Kwa hiyo nimeanza njia ndefu, kwa jina langu mwenyewe. Kornel ananisaidia kuandika. Wiki iliyopita nilikwenda tena, na kijana yule akauliza kama anavyotakiwa kuuliza.

"Mama, kwenu wapi?"

Nilifikiri kabla ya kujibu, maana neno hilo limeshatugharimu. Nikasema, "Nilizaliwa Msumbiji. Mama yangu amezikwa Mtua." Akaniangalia, akaandika yote mawili. Sijui itafika wapi. Sina hofu na sina tumaini kubwa. Nimeandikwa kama nilivyo, basi.

Nisalimie Augustino, na binti yako Tabitha, mwambie mtoto wa dada yake anafanana naye midomo. Msalimie pia mama mkwe wako, kama macho hayamruhusu kusoma, umsomee pale nilipomtaja. Mungu Baba awalinde katika nyumba yenu, na Bikira Maria asimame mlangoni mnapotoka na mnapoingia.

Mwakani tutamfanyia Eustakio misa Chinongwe. Nitafurahi ukija, nadhani nikikuona nitalia. Ila ukifika mpakani, ukishuka kwenye mtumbwi na wale askari wakikuuliza unakwenda wapi, tafadhali mdogo wangu usiseme "kwetu". Sema unakwenda kumsalimia dada. Hilo la kwetu tutalisema tukishafunga mlango.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Marietha