Rangi Niliyompaka Marlys

Los Angeles, 2 Aprili 1957

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu, nikiomba barua hii ikukute umeketi karibu na jiko, goti limepoa, na theluji ya huko Minnesota imeanza kukuachia njia ya kwenda kanisani. Mimi ni mzima, isipokuwa mkono wa kulia. Ndiyo maana mwandiko umelala kama wa mtoto anayejifunza. Naandika kwa kushoto. Usishtuke kwanza, nitakueleza.

Barua yako nimeipata. Unauliza kama uliyoyaona kwenye televisheni siku ya sherehe ya tuzo yalikuwa mchezo, maana mchungaji amekwambia magazeti yanasema ni kichekesho kilichoharibika. Unasema pia kwamba Royce Haldane, anayeigiza daktari wako wa Jumapili, yule anayewapapasa watoto wagonjwa paji la uso, hawezi kumpiga hata paka. Mama, mimi ndiye ninayempaka poda mkewe, Marlys, kabla ya kila kipindi. Gauni lake nalifunga mimi. Mgongo wake naujua kuliko anavyoujua mwenyewe.

Royce hupiga kwa akili. Hapigi panapofikiwa na kamera. Hupiga mbavu, mgongo, kichwani ndani ya nywele. Siku chache kabla ya sherehe alimpiga mateke akiwa sakafuni mpaka akatema damu, kisha akamwambia aoge upesi, wageni wa chakula wako njiani. Marlys alikwenda polisi. Askari akamsikiliza, akamwita mama kwa heshima zote, halafu akamwomba amletee picha ya mumewe yenye saini, mama mkwe wake angefurahi sana.

Siku ya sherehe aliketi kwenye kiti changu, akanitazama kupitia kioo. Akasema, "Alma, leo usinipendezeshe. Leo nataka waone." Nikamuuliza waone nini, na gauni limefika shingoni. Akanyoosha kidole kwenye kopo la rangi nyekundu ya mashavu.

Mama, nyekundu hiyo sisi wa televisheni hatuigusi. Kwa macho utaona uso uliochangamka tu, lakini kamera haijui rangi. Huigeuza nyeusi, na mtu akatokea kwenu ana shimo usoni. Kila mpambaji hukanywa hivyo siku anayoanza kazi. Mimi nilimpaka. Royce akaja kumkagua kama desturi yake, akamshika kidevu, akamgeuzia dirishani. Akasema leo anafanana na yule msichana aliyemchumbia.

Jina la Royce lilipotajwa kuwa mshindi, alimvuta Marlys jukwaani, maana washindi hupenda kusimama na wake zao. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Sisi tuliokuwa mle hatukuona kitu. Ninyi mlio majumbani ndio mlioziona zile alama nne nyeusi za vidole shavuni. Royce akainua sanamu yake ya shaba, akasema, "Tuzo yangu ya kweli ni huyu." Kisha akaitupia jicho televisheni ndogo iliyowekwa pembeni mwa jukwaa, akaziona.

Akaanza kumfuta kwa kidole gumba, huku anatabasamu. Kadiri alivyofuta ndivyo weusi ulivyotapakaa. Nilikuwa nyuma ya pazia, nikamsikia akimuuliza kwa chini amemfanyia nini. Marlys akamjibu, "Cheka, mpenzi. Nchi nzima inakutazama."

Akamzaba kofi. Watu wakacheka, Mama. Mchekeshaji alikuwa amepigwa keki usoni muda mfupi kabla, wakadhani ni mwendelezo. Pigo la pili, mpiga ngoma wa bendi akaliitikia kwa ngoma yake, kama wafanyavyo kwenye vichekesho. Pigo la tatu lilikuwa la sanamu. Nilisikia taya likivunjika. Kicheko kilikatika pale mwanamke wa meza ya mbele alipoinua glavu yake nyeupe akaona ilivyorukiwa na damu. Ninyi huko mkawekewa tangazo la sabuni. Mimi nilimrukia Royce mgongoni nikamng'ata sikio mpaka nikaonja damu, mimi ninayefundisha watoto wa Shule ya Jumapili.

Polisi walimkamata, lakini wakamwachia kwa dhamana. Akanifuata chumba cha vipodozi, akafunga mlango. Akauliza, "Ulimpaka kwa mkono upi?" Akauchukua wa kulia, akauweka ndani ya droo ya meza yangu, akaibamiza kwa goti tena na tena, na kwa sauti ileile ya daktari wa Jumapili akawa ananiambia nitulie, haitauma sana.

Sasa nikwambie lile ambalo sijamwambia hata mchungaji wa hapa. Kesho nitaapa mahakamani. Wakili wa Royce anasema ilikuwa rangi tupu, na Marlys alimchokoza mumewe kwa uongo. Wakili wetu ananisihi niseme tu kwamba nilishindwa kuficha jeraha. Lakini shavu lile halikuwa na jeraha, Mama. Lilikuwa safi. Nilimfungua gauni, nikaweka vidole vyangu juu ya alama za vidole vya Royce begani, nikapima, nikazihamishia usoni moja baada ya nyingine. Royce hakuwahi kumgusa uso mpaka nilipoupaka mimi. Leo Marlys anakunywa supu kwa mrija, na hilo silali kwa ajili yake.

Nilimwambia jana kwamba siwezi kushika Biblia nikadanganya. Hawezi kusema, taya limefungwa kwa waya. Akashika kola ya gauni lake la hospitali, akaivuta chini, akanionyesha lile bega. Nikamwelewa.

Wakiniuliza kesho kama nilichora uongo, nitajibu ndiyo, shavuni. Kisha nitawaomba wamfungue gauni waone begani, nilikonakili.

Usiniombee nishinde, niombee nisitetemeke. Nisalimie dada Solveig na wote wa kwaya, na yeyote atakayekuuliza, mwambie haukuwa mchezo. Bwana akulinde mpaka tuonane.

Mimi mwanao akupendaye,
Alma