Mjomba Alibadilisha Breki za Upande Mmoja

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijamkosea mtu aliyenilea. Mimi ni mkunga, na gari langu hutengenezwa na mjomba, kaka yake mama, aliyenichukua nikiwa na miaka sita akanisomesha kwa ufundi huohuo, sasa mwezi uliopita breki zikaanza kukwaruza, nikampelekea, akasema amebadilisha pedi zote za mbele, nikamlipa bila kuangalia maana nani anamkagua mjomba wake, lakini siku chache baadaye kelele zikarudi, naye alikuwa msibani, nikaingia gereji nyingine, fundi akafungua matairi akanionyesha kushoto pedi mpya, kulia zile za zamani zimelika mpaka chuma. Akanifungia nyingine, nikaondoka nalia. Aliporudi msibani nikapita gereji kwake, nikaona boksi juu ya meza, pedi mbili mpya bado zimo, na yeye anatafuta spana aliyoishika mkononi. Akaniuliza, "Breki zinashika vizuri, mama?" Nikajibu ndiyo. Tangu hapo nazunguka njia ya mbali nisimwone, na jana mkewe amekuja kuniuliza mzee amenikosea nini. Je, ameniibia?

Mkunga

Pole sana, mwanangu, ila nawe umenikera. Yote umeyaona kwa macho yako, kisha ukakimbia. Mwizi angekuachia za zamani pande zote, tena asingeliacha boksi peupe. Mjomba wako alifunga upande mmoja, akasahau wa pili, kama alivyosahau spana iliyo mkononi. Hilo ni zito kuliko wizi, kwa sababu wiki ile hakufungua gari lako tu.

Nenda leo. Mkae wawili tu, usimuulize kama ameiba, mwambie ulichoonyeshwa. Kisha mwombe namba za wateja wake wa karibuni, uwapigie waje magari yao yaangaliwe upya na fundi mwingine. Wewe ni mtu wa hospitali, mpeleke kwa daktari apimwe kumbukumbu, usimtume aende peke yake. Na kuanzia sasa, kwa fundi yeyote, simama pale tairi likifunguliwa, udai kifaa kilichotolewa ukishike, ndipo ulipe. Kumkagua mtu si kumtukana.

Ukishamwambia, usiongeze maneno. Mshike mkono, hata kama una grisi.